Simu ya Vipande, ya Kukunjwa, ya Jua au Isiyo na Skrini: Msanifu wa Nairobi Achague Dhana Gani?

Mwanafunzi wa usanifu aliye mwaka wa mwisho, awe katika Chuo Kikuu cha Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya au katika karakana ya pamoja kama Gearbox, hufika mahali ambapo hana budi kuchagua dhana moja ya kufanyia kazi, kwa kuwa muda na fedha haviruhusu mbili. Akiamua kuchora simu ya miaka ijayo, atakuta kwamba mawazo mengi yaliyochorwa duniani tangu mwanzo wa karne hii yanaingia katika makundi manne: simu inayoundwa kwa vipande vinavyobadilishika, simu ambayo skrini yake hukunjwa au kuviringishwa, simu inayojichaji kwa jua, na kifaa kisicho na skrini kinachovaliwa mwilini na kuamrishwa kwa sauti. Katika makala haya ninayalinganisha makundi hayo kwa ajili ya mwanafunzi huyo, na sitaficha upande ninaouegemea.

Tuanze na vipimo, kwa sababu karatasi haikatai kuchorwa chochote. Mwaka 2008 Nokia, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Cambridge, ilionyesha dhana iliyoitwa Morph katika jumba la makumbusho la MoMA jijini New York. Kilikuwa kifaa chembamba kinachopindika hadi kuwa bangili, kinachopitisha mwanga, kinachojisafisha uchafu na kuvuna nishati ya jua kwa uso wake wote. Nokia ilieleza kwamba baadhi ya sehemu zake zingeweza kuingia katika simu ndani ya miaka saba. Kabla ya muda huo kwisha, mwaka 2014, Nokia ilikuwa imekwisha kuikabidhi Microsoft biashara yake ya simu. Ninaiheshimu Morph, maana iliwafundisha wengi kwamba simu si lazima iwe kipande kigumu cha mstatili. Lakini dhana iliyorundika maajabu mengi kwa pamoja ina kasoro kubwa, nayo ni kwamba haijaribiki. Ikishindwa, hakuna ajuaye ni lipi kati ya maajabu hayo lililoiangusha.

Kwa hiyo kila kundi nitaliuliza maswali yale yale. Ni shida gani ya mtu wa Nairobi inayoondolewa? Je, hesabu za fizikia zinakubali? Kifaa kikiharibika, fundi aliye katika kibanda cha Luthuli Avenue ataweza kukirekebisha? Na je, mwanafunzi mwenye zana za kawaida anaweza kuunda kielelezo kinachofanya kazi, walau kwa sehemu, badala ya picha ya kompyuta pekee? Swali la tatu nalipa uzito kuliko mengine. Simu katika jiji hili huishi zaidi ya maisha moja: hununuliwa mpya au ikiwa imetumika ng'ambo, huuzwa tena, hupewa mdogo wa mtu au mzazi aliye mashambani, na katika kila hatua hiyo hupita mikononi mwa fundi. Dhana inayomsahau fundi huyo imeisahau nusu ya maisha ya kifaa chenyewe.

Vipande

Kundi la kwanza lilipata umaarufu mwaka 2013, pale Dave Hakkens, msanifu kijana wa Uholanzi, alipotoa dhana yake ya Phonebloks. Kamera yake iliharibika, akaifungua, akakuta kwamba ni mota ndogo ya lenzi tu iliyokufa, lakini hapakuwa na njia ya kupata mota hiyo peke yake. Akachora simu iliyo kama ubao wenye matundu, ambapo betri, kamera, spika na prosesa ni matofali yanayochomekwa na kuchomolewa. Mwaka huo huo Motorola, wakati ikimilikiwa na Google, ikatangaza mradi wa Ara uliofuata wazo lilo hilo: fremu moja ya chuma, na vipande vinavyoshikizwa kwa sumaku zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme. Majaribio ya kuiuza yalipangiwa Puerto Rico mwaka 2015, yakafutwa. Mwezi Mei 2016 Google ikabadilisha mpango, ikaamua kwamba prosesa, skrini na betri vitakaa ndani ya fremu bila kutolewa, na vipande vya kubadilisha vitakuwa vile vya ziada tu. Mwezi Septemba mwaka huo mradi ukasitishwa.

Mwanafunzi anayesoma historia hiyo haraka atadhani kwamba wazo la vipande limekufa. Tazama, hata hivyo, ni nini hasa kilichokufa. Ara ilitaka kugawanya kila kitu, pamoja na vitu ambavyo tasnia nzima ilikuwa inavikusanya pamoja. Katika simu ya leo prosesa, chipu ya michoro na mara nyingi modemu hukaa ndani ya chipu moja, kwa sababu ukaribu huo hupunguza umeme unaotumika na nafasi inayohitajika. Ukivitenganisha, kila kiungo kinadai sumaku yake, ukuta wake, waya zake na umeme wa kupitisha data, na mwisho wake ni simu nene, nzito na ghali kuliko ile iliyounganishwa kiwandani. Wakati huo huo Fairphone ya Amsterdam, kwa simu yake ya pili iliyotoka mwaka 2015, ilichukua njia ya unyenyekevu zaidi. Haikuigawa chipu. Iligawa sehemu zinazoharibika: skrini, betri, kamera, spika, tundu la chaji. Wakaguzi wa iFixit, tovuti ya miongozo ya kurekebisha vifaa, waliipa alama 10 kati ya 10 kwa urahisi wa kurekebishwa, na kampuni hiyo imeendelea kutoa simu za namna hiyo, ikiwamo Fairphone 5 ya mwaka 2023.

Tofauti hiyo kati ya Ara na Fairphone ndiyo somo ambalo ningependa kila msanifu wa hapa alizingatie kabla ya kushika penseli. Muulize fundi yeyote wa Luthuli au Moi Avenue ni nini kinacholetwa mezani kwake, naye atakutajia kioo kilichopasuka, betri iliyofura, tundu la chaji lililolegea, maiki isiyoshika sauti na spika iliyojaa vumbi. Hakuna anayekuja kutaka prosesa mpya. Ukiigawa simu kwa kufuata orodha ya fundi, utakuwa na vipande vitano au sita, na kila kimoja kitakuwa na sababu ya kuwepo. Ukiigawa kwa kufuata ndoto ya kubadilisha kila kitu, utarudi Puerto Rico.

Kuna mambo mengine yanayoipa nguvu dhana hii kwa sasa. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2023 inataka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, ingawa imeacha misamaha kadhaa. Hapa nyumbani, tangu mwaka 2023 kuna kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River, kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa Safaricom, Jamii Telecom na kampuni ya Uchina, ambacho simu zake za kwanza ziliitwa Neon. Mahali ambapo vipande vya simu vinaunganishwa ndipo mahali ambapo vipande hivyo hivyo vingeweza kuuzwa kama vipuri halali vyenye dhamana, na msanifu anayechora kwa kuzingatia ukaribu huo ana hoja ambayo mwenzake wa Uholanzi hana. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha takriban tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kila betri inayobadilishwa kwa dakika chache huizuia simu nzima isiingie katika rundo hilo.

Udhaifu upo. Kila kifuniko kinachofunguka ni mlango wa maji na vumbi, na simu inayofungwa kwa skrubu huwa nene kidogo kuliko ile iliyogandishwa kwa gundi. Mnunuzi anayelinganisha simu mbili dukani huona unene papo hapo. Urahisi wa kurekebisha huuona miaka miwili baadaye. Msanifu lazima atafute namna ya kuuonyesha uzuri huo mapema, na kazi hiyo ya kuonyesha ni sehemu ya usanifu wenyewe.

Kukunjwa na kuviringishwa

Kwa uzuri wa macho, hakuna kundi linaloshindana na la pili. Wazo la kubeba mfukoni skrini ndogo inayofunguka na kuwa kubwa lina mvuto wa kweli, hasa kwa mtu ambaye simu ndiyo kompyuta yake pekee, anayesomea humo, anayeandikia humo barua za kuomba kazi na kuwekea humo hesabu za duka lake. Msanifu asiidharau haja hiyo.

Hesabu yake ni rahisi kueleza. Kitu kinapopindwa, uso wake wa nje huvutwa, na kiasi cha mvutano ni sawa na unene wake ukigawanywa kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha mkunjo. Kioo chenye unene wa milimita 0.03 kikikunjwa kwa nusu kipenyo cha milimita 1.5 huvutwa kwa asilimia 1 hivi, jambo ambalo kioo kilichotengenezwa kwa uangalifu kinaweza kulistahimili. Kioo cha simu ya kawaida, chenye unene wa nusu milimita, kingevutwa kwa zaidi ya asilimia 16, na kingevunjika kabla hata hakijafika hapo. Ndiyo maana skrini za kukunjwa hutumia plastiki au kioo chembamba mno, na ndiyo maana pia punje moja ya mchanga ikiingia chini yake huweza kuiua. Galaxy Fold ya Samsung ilipangwa kutoka Aprili 2019 kwa bei ya dola 1,980, lakini baadhi ya waandishi waliopewa simu za majaribio walibandua tabaka la juu wakidhani ni protekta, na kwa wengine uchafu ulipenya kwenye bawaba. Uzinduzi ukaahirishwa hadi Septemba, baada ya kingo za tabaka hilo kufichwa chini ya fremu na mianya ya bawaba kuzibwa. Hebu fikiria kosa hilo katika jiji ambalo protekta hubandikwa na kubanduliwa barabarani kila siku, na watu wote wamezoea kuona tabaka la plastiki juu ya kioo kama kitu cha kutolewa.

Teknolojia imesonga mbele tangu hapo, na haki itendeke kwa kulisema hilo. Galaxy Z Fold6 ya mwaka 2024 ilikuwa na kiwango cha IP48, maana yake inahimili maji lakini dhidi ya vitu vigumu inazuia tu vile vinavyozidi milimita moja, kwa hiyo vumbi la kawaida halimo katika ahadi hiyo. Mwaka 2025 Google ilitoa Pixel 10 Pro Fold yenye IP68, inayozuia vumbi kabisa. Huawei nayo mwaka 2024 ilitoa Mate XT inayokunjwa mara mbili kuwa na pande tatu, kwa yuani 19,999. Tecno, jina ambalo Nairobi inalijua vizuri, iliuza Phantom V Fold mwaka 2023, na mwaka huo huo ikaonyesha dhana ya skrini inayoviringishwa iliyoiita Phantom Ultimate.

Kuviringisha ni hatua ya mbele zaidi, na historia yake ni ya huzuni. Oppo ilionyesha X 2021 mwishoni mwa mwaka 2020, ikiwa na skrini inayotoka inchi 6.7 hadi 7.4 kwa nguvu ya mota. LG ilidokeza simu yake ya kuviringishwa mnamo Januari 2021, kisha Aprili mwaka huo ikatangaza kuacha biashara ya simu kabisa, na simu ile haikuuzwa. Motorola ilionyesha Rizr mwaka 2023, inayorefuka kutoka inchi 5 hadi 6.5. Katika zote hizo mota inaongezwa mahali ambapo hapo awali hapakuwa na kitu kinachosogea, na kila kinachosogea huchakaa.

Ukiweka kundi hili kando ya lile la kwanza, tofauti inaonekana katika swali la fundi. Skrini ya simu ya kawaida hubadilishwa Nairobi kwa saa moja au mbili, na kipuri hupatikana mtaa wa pili. Skrini ya kukunjwa huja ikiwa imeunganishwa na bawaba, bei yake hukaribia bei ya simu nzuri ya kawaida, na kuifungua kunahitaji ustadi ambao mafundi wachache wamepata nafasi ya kujifunza. Kuhusu kielelezo, mwanafunzi anaweza kutengeneza bawaba nzuri kwa mashine ya kuchapisha vitu vya pande tatu, lakini skrini inayopindika yenyewe hataitengeneza. Atabaki kubandika karatasi. Kwa mwanafunzi anayependa mitambo na bawaba hiyo si hasara, maana bawaba peke yake inatosha kuwa mradi kamili: aichore isiyopitisha vumbi, aikunje maelfu ya mara kwa mota ndogo ndani ya sanduku la vumbi la mtaa wake, aandike kilichotokea. Huo ungekuwa mchango halisi. Asichokiweza ni kudai amesanifu simu nzima.

Jua

Kundi la tatu ndilo linalopendwa zaidi na wanafunzi wetu, na sababu inajulikana: jiji liko karibu na ikweta, umeme hukatika, na ndugu wengi wa mashambani bado hulipa kuchajiwa simu dukani. Ndilo pia kundi ambalo hesabu zake hufanywa mara chache kuliko zote, kwa hiyo tuzifanye hapa.

Jua la adhuhuri lisilo na wingu huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita mraba. Mgongo wa simu janja wenye urefu wa sentimita 16 na upana wa sentimita 7.5 una eneo la mita mraba 0.012, kwa hiyo hupokea wati 12. Paneli nzuri hugeuza kama asilimia 20 kuwa umeme, yaani wati 2.4. Betri ya miliampia-saa 5,000 hubeba nishati ya wati-saa 19 hivi, yaani inayotosha kutoa wati 19 kwa muda wa saa moja. Ukigawanya, utapata saa nane za jua kamili, simu ikiwa imelazwa kuelekea jua bila kivuli na bila kutumiwa. Mwezi Julai, Nairobi inapofunikwa na mawingu asubuhi hadi jioni, saa hizo huongezeka mara kadhaa. Tena simu yenyewe hukaa mfukoni au mkobani siku nzima. Lipo pia tatizo la joto: betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45 hivi, na simu nyeusi iliyoachwa juani hufika hapo upesi. Kitu kile kile kinachoichaji ndicho kinachoizeesha.

Infinix ilionyesha mwaka 2025 dhana ya simu yenye seli za jua za peroviskiti mgongoni, zenye uwezo wa hadi wati 2, na msomaji anaona kwamba tarakimu hiyo inalingana na hesabu yetu. Kwa kiasi hicho simu inaweza kuongezewa muda, lakini haiwezi kuachana na soketi ya ukutani.

Hesabu hizo hizo zinageuka kabisa ukishuka kwenye kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe. Betri yake ya miliampia-saa 1,000 hubeba wati-saa 3.7 tu. Mgongo wake wa sentimita 11 kwa 5 hutoa wati 1 hivi katika jua kamili. Saa nne zinatosha kuijaza, na ikijaa hukaa siku kadhaa. Kwa hiyo haishangazi kwamba mwaka 2009 Safaricom ilizindua Simu ya Solar, iliyotengenezwa na ZTE na kuuzwa kwa shilingi 2,999, wakati ambapo simu za kawaida zilikuwa na njaa ndogo ya umeme. Dhana ile ilikuwa sahihi kwa simu za wakati wake. Skrini zilipokua, betri zilikua pamoja nazo, lakini mgongo wa simu haukukua kwa kiwango hicho.

Huko mbali zaidi wapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ambao mwaka 2017 walionyesha simu isiyo na betri kabisa, inayotumia mikrowati 3.5 tu, yaani sehemu 3.5 za milioni za wati moja, kwa kuvuna mwanga na mawimbi ya redio. Inapiga simu, lakini kwa umbali wa mita kama kumi hadi kumi na tano kutoka kwenye kituo chake maalumu. Ni kazi ya maabara ya kupendeza, na si dhana ya kuanzia kwa mwanafunzi.

Ushauri wangu kwa anayelipenda jua ni kuliondoa kwenye mgongo wa simu na kulipa kifaa chake. Nairobi ina mfano mzuri wa kifaa kilichozaliwa kwa kutazama mazingira yake: BRCK, kisambaza intaneti kilichobuniwa na watu waliotoka katika shirika la teknolojia la Ushahidi, kikachangiwa fedha na umma mtandaoni mwaka 2013, kikiwa na betri ya kudumu saa kama nane umeme unapokatika na umbo linalostahimili kuangushwa. Wabunifu wake walianza na umeme unaokatika na mtandao unaoyumba, kisha ndipo wakatafuta umbo. Paneli inayokunjwa na kuanikwa juu ya mkoba wa mwanafunzi au kwenye meza ya mama mboga, ikiwa na eneo mara kumi ya mgongo wa simu na betri yake iliyokaa kivulini, hutatua shida ambayo simu ya jua inaigusa tu. Kielelezo chake kinaundika kwa vifaa vinavyouzwa mjini, na fundi ataielewa siku ya kwanza. Kwa upande wa uwezekano wa kuonyesha kitu kinachofanya kazi, njia hii inalishinda kila kundi jingine katika ulinganisho huu.

Bila skrini

Kundi la nne lina miaka michache tu ya majaribio halisi. Humane, kampuni iliyoanzishwa na Imran Chaudhri na Bethany Bongiorno waliowahi kufanya kazi Apple, ilianza kuuza AI Pin Aprili 2024 kwa dola 699, pamoja na ada ya dola 24 kila mwezi. Ilikuwa beji ya kifuani inayosikiliza, inayojibu kwa sauti na kumulika maandishi ya leza kwenye kiganja. Februari 2025 HP ilinunua mali zake kwa dola milioni 116, huduma ikazimwa mwisho wa mwezi huo, na beji zilizobaki vifuani mwa watu zikapoteza karibu kazi zake zote. Miwani nayo inaendelea: Meta ilionyesha Orion mwaka 2024, lakini hiyo huhitaji kifaa cha pembeni cha kufanya hesabu na mkanda wa mkononi wa kuiamrisha.

Huko ng'ambo beji ile ililaumiwa kwa joto, kujibu polepole na betri dhaifu. Msanifu wa Nairobi ana swali gumu zaidi la kuijibu: namba ya siri ya M-Pesa mtu ataitaja wapi? Tangu mwaka 2007 kazi kubwa ya simu nchini imekuwa kutuma na kupokea fedha, na kazi hiyo inategemea tarakimu nne zinazobonyezwa kimya. Ndani ya matatu yenye muziki sauti haisikiki. Mahali penye utulivu inasikika na kila mtu. Lugha pia haijatulia, kwa kuwa sentensi moja ya mkaazi wa jiji huweza kuanza kwa Kiswahili, kupita kwenye Sheng na kuishia kwa Kiingereza, na ingawa mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti nyingi za Kiswahili, mchanganyiko huo bado ni mtihani kwa mashine. Kuongezea, kamera ya kifuani inayorekodi wapita njia inakutana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kifaa cha thamani kilichobandikwa nje ya nguo katikati ya mji kinamweka mwenyewe hatarini.

Na bado kuna watu ambao kifaa kisicho na skrini ndicho kifaa sahihi. Mtu asiyeona amekuwa akiishi na simu iliyosanifiwa kwa ajili ya macho ya mwingine, akilazimika kuisikiliza ikimsomea kila kitufe. Orbit Reader 20, kifaa kidogo chenye seli 20 za nukta nundu zinazoinuka na kushuka chini ya vidole, kinatumika nchini na kinaonyesha kwamba kusoma kimya bila skrini kunawezekana. Hapo tatizo la namba ya siri linapata jibu, kwa sababu vidole hubonyeza na kusoma bila kutoa sauti. Mwanafunzi akiniambia kwamba anataka kuchagua kundi la nne, nitamwomba aache beji ya mtendaji wa ofisini na achore kwa ajili ya msomaji wa nukta nundu, akikaa naye tangu mchoro wa kwanza. Kwa sharti hilo, naliweka kundi hili juu ya la kukunjwa bila kusita.

Uchaguzi

Kwa mwanafunzi ambaye hana mwelekeo maalumu, nasema achague vipande, tena vipande vichache vinavyofuata orodha ya fundi. Mwenye moyo wa nishati achukue jua, lakini ajenge kifaa kinachojitegemea na kuiacha simu ilivyo. Mwenye mtu halisi asiyeona wa kufanya naye kazi achukue njia ya bila skrini, na hapo hata vipande nitavishusha hadi nafasi ya pili. Kukunjwa nakupendekeza kwa yule tu anayetaka kushughulikia bawaba kama tatizo la kimitambo.

Anayechukua vipande ana jambo moja la kulitatua kabla ya umbo, rangi au jina: kiunganishi. Viunganishi vidogo vilivyo ndani ya simu za leo hutengenezwa kwa kuunganishwa na kuchomolewa mara makumi tu, kwa sababu kiwanda hutarajia vifungwe mara moja na kusahauliwa, ilhali tundu la USB-C huundwa kwa mara 10,000. Betri inayobadilishwa na mwenye simu inahitaji kitu kilicho kati ya hivyo viwili: chembamba kama cha ndani, kigumu karibu na cha nje, kisichokubali kuwekwa kinyume, na kinachoweza kupanguswa vumbi kwa kidole. Anunue simu zilizokufa kwa fundi, atoe betri na matundu ya chaji, aunde kiunganishi chake cha kwanza kwa shaba na plastiki, akichomeke na kukichomoa huku akipima ukinzani wa umeme kila baada ya mara mia moja, kisha amkabidhi fundi yule yule abadilishe betri kwa bisibisi moja na saa ikihesabu dakika. Tarakimu zitakazotoka hapo ndizo za kuwekwa katika ukurasa wa kwanza wa mradi wake, kabla ya picha yoyote ya simu yenyewe.